Hewa Iliyomo Ndani ya Feleji: Habari za Chuma cha Kariakoo

Katika bidhaa zote zinazouzwa Kariakoo, hakuna inayoaminiwa sana na kuchunguzwa kidogo kama chuma. Mnunuzi wa mchele huutia kiganjani akaunusa, mnunuzi wa kanga huikunjua akaitazama pindo kwa pindo, na mnunuzi wa nazi huitikisa sikioni apate kusikia maji yake. Lakini yule aliyeshuka mtaa jirani wa Gerezani kununua nondo za nyumba ambayo, Mungu akipenda, wajukuu wake watalala ndani yake, huhesabu vipande, akauliza unene na bei, akaita mkokoteni akaondoka. Wala si kosa lake, kwa kuwa ila kubwa za chuma ni za batini, hazionekani kwa jicho wala hazihisiki kwa mkono, na aghalabu huwa zimekwisha kuingia katika dakika chache za mwisho wa kuyeyushwa kwake, kabla hakijamiminwa katika kalibu, pale fundi wa tanuri anapotakiwa kuiondoa oksijeni iliyozama ndani ya chuma kimiminika. Kazi hiyo, ambayo watu wachache mno nje ya viwanda wamepata kuisikia, ina sehemu kubwa katika kuamua kama nondo itapinda au itakatika, na habari zake zimepita katika nchi yetu na katika mitaa hii kwa njia inayostahili kusimuliwa.

Asili ya shida yenyewe ni hii. Chuma kikiyeyuka na kufikia joto la kiasi cha digrii 1600, huweza kuibeba oksijeni hata kukaribia sehemu 2 katika kila 1000 za uzito wake. Lakini kikiganda hakiwezi kuihifadhi ila kwa uchache sana, na oksijeni ile iliyokuwa imetulia hutafuta pa kutokea, ikakutana na kaboni iliyomo ndani ya madini, zikaungana zikawa gesi, na kalibu nzima ikachemka. Mapovu yasiyopata njia hubaki ndani yakawa matundu, na oksijeni isiyotoka pamoja na gesi hushikamana na chuma chenyewe, ikajikusanya baina ya punje na punje, yaani zile fuwele ndogo zinazokifanya chuma. Na kwa kuwa nguvu ya chuma imo katika kushikana kwa punje hizo, kila mahali palipokaa uchafu huo huwa ni mlango uliofunguliwa kwa ufa. Dawa yake ni kutia ndani ya feleji, yaani chuma chenye kaboni, ingali majimaji, kitu chenye kuitaka oksijeni kuliko chuma kinavyoitaka, nacho ni manganizi, au silikoni, au alumini, ambacho huinyakua kikageuka kuwa takataka nyepesi, ikaelea juu na kuchanganyika na mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyusha, na feleji ikaganda kwa utulivu. Feleji iliyofanyiwa hivyo sawasawa nitaiita hapa feleji iliyotulizwa, na ile iliyoachwa na hewa yake nitaiita feleji ya kuchemka.

Wahenga wetu wa bara hawakuwa na shida hii, na sababu yake ni kwamba hawakukiyeyusha chuma mpaka kikawa maji. Washana wa Upare, ambao uhunzi ulikuwa urithi wa ukoo wao, na Wafipa waliojenga matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, walikitoa chuma katika mawe yake kwa makaa tu, na kilichobaki tanurini kilikuwa ni bonge zito, lenye vinyweleo, lililochanganyika na mavi ya chuma, ambalo mhunzi alilipasha moto akalipiga juu ya fuawe, akalipasha tena akalipiga tena, mpaka uchafu ukatoka kwa nyundo. Huko Buhaya, mwaka 1976, wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walimjengea Peter Schmidt, mwanachuoni wa mambo ya kale, tanuri la namna ya zamani na kulitia moto; na matokeo yake, ambayo yeye na Donald Avery waliyachapisha mwaka 1978, yaliwaonyesha walimwengu kwamba mababu wa watu wale walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, yaani feleji, tangu miaka mingi kabla ya meli ya kwanza ya Mzungu kuonekana katika bahari yetu. Jembe la mhunzi hodari lilidumu. Na lile lililovunjika lilivunjika kwa kufuata nyuzi za mavi ya chuma zilizosahauliwa ndani yake, si kwa hewa.

Pwani nako kulikuwa na habari zake. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi na Mombasa kuwa ni wenye machimbo ya chuma na tijara ya chuma, akasema kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na wafanyabiashara wa Bara Hindi wakaenda kukifua huko wakapata panga za sifa. Na mafundi wa Hindi walikuwa na siri iliyo karibu sana na maudhui yetu: walikitia chuma ndani ya chungu kidogo cha udongo pamoja na vitu vya miti, wakakiziba, wakakitia motoni mpaka kikayeyuka humo humo, mbali na upepo. Njia iliyofanana na hiyo ilizuka Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1740 mikononi mwa Benjamin Huntsman, aliyekuwa mfanya saa. Na mafundi waliomfuata walijua kwamba chuma kikishayeyuka katika chungu hakifai kumiminwa papo hapo, bali sharti kiachwe motoni kwa muda mpaka kitulie, la sivyo kitachemka katika kalibu na kutoka na matundu. Hawakuijua sababu. Leo tunaijua: udongo wa chungu ulikuwa ukitoa silikoni kidogo kidogo, nayo silikoni ikaila oksijeni. Maarifa ya mkono yalitangulia maarifa ya kitabu kwa zaidi ya miaka 100, na mimi nawaheshimu watu wale kwa subira yao ya kusimama mbele ya moto wakingojea jambo wasilolijua jina.

Shida yenyewe hasa ilizaliwa Agosti 1856, mvumbuzi Henry Bessemer alipotangaza kwamba amepata njia ya kugeuza chuma cha tanuri kuwa feleji kwa kupuliza hewa ndani yake, bila kuni wala makaa, kwa dakika chache tu. Walionunua idhini yake wakaenda kujaribu, na feleji yao ikapasuka ilipopitishwa ikiwa nyekundu baina ya magurudumu ya kuisokotea, yaani kuibana mpaka ipate umbo. Fosforasi iliyokuwamo katika mawe ya chuma ya Uingereza ilikuwa na lawama yake, lakini lawama nyingine ilikuwa ya hewa ile ile iliyosifiwa, kwani ilibaki ndani ya feleji, na pamoja na kiberiti, yaani salfa, ikafanya utando unaoyeyuka upesi pembezoni mwa punje. Robert Mushet, mjuzi wa chuma, alitia manganizi, nayo manganizi ikaichukua oksijeni na kukifunga kiberiti kwa pamoja. Mwaka 1857 reli ya feleji yake ililazwa katika stesheni ya Derby, mahali ambapo reli za chuma cha kawaida zilikuwa zikichakaa kwa miezi tu, ikakaa pale mpaka mwaka 1873. Mushet mwenyewe alipoteza hati ya haki yake kwa kutolipiwa ada kwa wakati, na fedha nyingi zikaenda kwa wengine.

Basi Wajerumani walipoanza mwaka 1905 kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, njia hiyo ya kufanya feleji kwa kupuliza hewa ilikuwa imekwisha kuwa kawaida ya dunia. Walilaza mataruma ya chuma, maana ya mti yangeliliwa na mchwa. Na sehemu kubwa ya feleji iliyofanywa Ujerumani zama hizo ilitokana na njia ya Thomas, ndugu wa njia ya Bessemer, ambayo nayo ilipuliza hewa ndani ya chuma na kukiachia naitrojeni pamoja na oksijeni. Naitaja naitrojeni hapa kwa kuwa tutakutana nayo tena Gerezani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, chuma kilikuja na mabega ya watu. Mizinga 10 ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, iliopolewa ikaletwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kukokotwa bara. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, jumba ambalo Wajerumani walikuwa wamelisimamisha miaka miwili kabla yake likafanywa makao ya jeshi la wapagazi, Carrier Corps, na kutoka hapo mtaa ukapata jina lake la Kariakoo. Kisha jumba lile likageuzwa kuwa soko. Mitaa inayolizunguka ilijaa nyumba za Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huku na ukumbi katikati, ambazo makuti yake yaliondoka mwaka baada ya mwaka na mabati yakachukua nafasi.

Na hapa yafaa niitendee haki feleji ya kuchemka, kwani si kila kisichotulizwa ni kibaya. Ikichemka kwa kiasi katika kalibu, mchemko wenyewe husukuma uchafu kuelekea moyoni, na ngozi ya nje ikaganda ikiwa safi mno, karibu chuma kitupu, laini, isiyo na mikwaruzo. Matundu ya ndani, madhali hayakupata hewa ya nje, hujifunga yakashikana wakati wa kusokotwa. Ndiyo maana kwa miongo mingi mabati, nyaya na misumari ya dunia vilitokana na feleji ya namna hii, ambayo ilikuwa rahisi kwa bei na nyepesi kukunjika. Feleji iliyotulizwa kabisa ina gharama zake: ikiganda husinyaa na kufanya shimo refu juu ya pande lake, na sehemu hiyo sharti ikatwe na kurudishwa tanurini. Kwa kukwepa hasara hiyo watu walibuni feleji ya katikati, iliyotulizwa nusu, ikaachiwa gesi ya kutosha kujaza pengo la kusinyaa. Paa la bati halibebi ghorofa, na kwa paa ngozi nzuri yatosha. Balaa huja chuma cha namna moja kinapotumwa kazi ya namna nyingine.

Balaa hilo lilionekana usiku wa tarehe 16 Januari 1943, huko Portland katika Marekani, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipokatika karibu kuwa vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia, hakuna dhoruba wala adui. Mamia ya meli za Vita vya Pili vya Dunia yalipata nyufa. Constance Tipper, mjuzi wa chuma wa Cambridge, alidhihirisha kwamba feleji yake, ambayo ilikuwa imara kabisa katika kipimo cha kuvutwa polepole, iligeuka katika baridi ikawa ya kukatika ghafula kama kioo. Feleji nyingi ya meli hizo ilikuwa ya kutulizwa nusu, yenye punje kubwa. Tangu hapo wahandisi walitambua waziwazi kwamba nguvu na ushupavu ni mambo mawili: nguvu ni kiasi cha mzigo ambao chuma hubeba kabla ya kushindwa, na ushupavu ni namna kinavyoshindwa. Alumini, ambayo tangu mwaka 1886 ilikuwa imepatikana kwa njia ya umeme na bei yake kushuka, ikawa dawa kubwa, maana haiishii kuila oksijeni tu. Huikamata na naitrojeni pia, na chembe zinazofanyika huzizuia punje za chuma zisikue. Feleji yenye punje ndogo huongezeka nguvu na ushupavu kwa pamoja, jambo lililo adimu, kwani katika tiba nyingi za chuma kimoja hupatikana kwa kukipunguza kingine.

Dar es Salaam haina baridi ya Portland, lakini ina maghorofa. Mwaka 1975 lilifunguliwa soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, ambaye alilijengea paa la miavuli ya zege iliyosimama juu ya nguzo, na mpaka leo sijaona katika mji huu jengo la umma lililoelewa jua na upepo wake kuliko lile. Zege lina nguvu ya kubanwa na unyonge wa kuvutwa. Kila mahali mwavuli ule unapotaka kuinama, nondo iliyo ndani ndiyo inayoukataza. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria iliyounda Shirika la Viwango Tanzania. Kiwanda cha kusokota nondo kilikuwa kimekwisha kuanza Tanga, lakini kilisokota mapande yaliyotoka ng'ambo. Kwa hiyo kazi ya kuondoa oksijeni ilikuwa imefanywa na mtu wa mbali, katika tanuri la mbali, nasi tulipokea matokeo. Baadaye vikaja viwanda vya Dar es Salaam na Pwani vinavyoyeyusha vyuma chakavu kwa umeme, na tangu hapo dakika zile chache zimekuwa amana ya watu wetu wenyewe.

Si amana nyepesi. Chakavu kinachosombwa kwa mikokoteni kutoka vichochoro vya Gerezani na Ilala ni fremu za baiskeli, injini, mabomba na mabati yaliyooza, na kutu yake, ukiitazama vizuri, ni oksijeni iliyoshikana na chuma. Tanuri la umeme la namna hii huyeyusha vema, lakini si hodari wa kusafisha. Fosforasi na kiberiti vilivyoingia na chakavu hubaki humo, na jambo kubwa lililo mikononi mwa fundi ni kuituliza feleji. Hutia manganizi kwanza, kisha silikoni, na alumini mwishoni kwa uchache, kwani aliye dhaifu akitangulia hupunguza kazi ya aliye mkali. Na alumini ikizidi, vumbi lake gumu huziba tundu la kumiminia, na lililosalia ndani ya nondo huwa mwanzo wa ufa. Kabla ya kumimina, fundi wa kale alichota feleji kwa upawa akaitia katika kikalibu kidogo akaitazama ikiganda. Uso wake ukinywea na kufanya kibonde katikati, imetulia. Ukivimba na kurusha cheche, ingali ina hewa, na anayeimimina hivyo ili kuokoa bei ya kilo chache za silikoni humwuzia mwenzake matundu kwa bei ya chuma. Nondo yenye matundu hayo huweza kupita katika mizani na rula bila neno. Ikipindwa kwa kufanya ringi ndipo mgongo wake unapochanika nyufa ndogo, na chumvi ya hewa ya bahari ikapata pa kuingilia.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake na asimame penye karakana yoyote ya mageti na grili huko Gerezani. Kijiti anachotumia fundi wa kuchomelea kimevikwa gamba la udongo mgumu, na ndani ya gamba hilo mna unga wa manganizi uliotiwa makusudi. Moto wa umeme unapowaka, unga huo huila oksijeni ya kidimbwi kile kidogo cha feleji, kisha huelea juu ukawa ganda jeusi ambalo fundi hulibomoa kwa nyundo yenye ncha, na chini yake ukatokeza mshono unaong'aa. Yafanywayo mbele ya tanuri la tani kadhaa yanafanywa pale katika tone moja. Kijiti kilichomomonyoka gamba hutoa mshono wenye vinyweleo, na kila fundi wa pale anakijua akakitupa, ijapokuwa hakuwahi kusoma sababu yake.

Lakini iko desturi moja ya biashara ya chuma ambayo siwezi kuinyamazia. Nondo zilizotolewa katika majengo yaliyobomolewa hunyooshwa kwa nyundo zikauzwa tena, na mnunuzi mwenye fedha kidogo huona amepata nafuu. Feleji isiyotulizwa vema ina naitrojeni isiyofungwa na kitu; ikipindwa ikiwa baridi, kisha ikakaa, naitrojeni hiyo husogea taratibu ikajibanza katika mahali palipoumizwa, na chuma kikawa kigumu na chepesi kukatika, na joto la mji wetu huiharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana katika maabara nondo hupindwa, ikatiwa katika joto la digrii 100 kwa nusu saa au zaidi ili izeeshwe upesi, kisha ikarudishwa nyuma; ikichanika, haifai. Nondo ya kubomolewa imekwisha kupindwa na kuzeeka kwa miaka, na nyundo ya kuinyoosha ni jaribio ambalo hakuna aliyelitazama jawabu lake. Jengo la ghorofa lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu zaidi ya 20, silileti hapa kuwa ushahidi juu ya chuma, kwani majengo huangushwa na mambo mengi. Ila nasema kwamba nondo yenye ushupavu hunyooka na kulegea kabla ya kukatika, zege likaonyesha nyufa, na waliomo wakapata muda wa kutoka.

Kwa hiyo, ewe ndugu unayejenga, unapofika dukani usitosheke na unene na bei. Dai cheti cha kiwanda chenye namba ya myeyusho, uilinganishe na kibandiko cha fungu la nondo; kata kipande kimoja, mpe fundi akipinde mbele yako, ukitazame mgongo wake kwenye jua; na nondo iliyonyooshwa usiitie kabisa katika nguzo wala boriti. Nanyi wenye maduka ya Gerezani na Mtaa wa Nyamwezi, viacheni vibandiko hivyo katika mafungu mpaka nondo ya mwisho itakapouzwa.